Betri za Akiba Katika Chumba cha Simu

Wakati wa Mjerumani, reli ilipokwisha kufika Dodoma, nilipata kazi katika chumba cha simu ya waya, ile ya kupeleka habari kwa kugonga, kando ya stesheni. Sikuwa mpiga simu. Nilikuwa mtunza betri. Umeme wetu siku zile ulitoka katika chupa kubwa za kioo zenye maji, zinki, shaba na mawe ya mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu. Safu moja ya chupa ilikuwa mbele, ikifanya kazi kila siku. Ya pili ilikaa nyuma, ukutani, chini ya turubai. Hiyo ilikuwa ya akiba. Safu ya mbele ikikatika, unahamisha nyaya tu, simu inaendelea.

Tulikuwa watu watatu. Mzungu wa simu ndiye mkubwa wetu, na nyumba yake ilishikana na chumba chetu, ukuta mmoja. Mpiga simu alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, mkubwa kwangu kwa umri, mtu wa sala tano na maneno machache. Nilimwita kaka, naye aliniita mdogo wangu. Adhuhuri tulikula ugali wa uwele sahani moja, mimi Mgogo na yeye Mrangi, na watu walitushangaa.

Kiangazi kile maji ya safu ya akiba yakaanza kupoteza rangi. Chupa nzima yenye mrututu huonekana buluu chini, kama jiwe la pete. Hizi zilianza kuwa nyeupe. Nikaongeza mrututu, nikafunika. Baada ya siku chache nikafunua tena: maji meupe, zinki imelika kama hindi lililopitiwa na panya. Safu ya mbele, inayofanya kazi mchana kutwa, ilikuwa nzima. Ya akiba, iliyokaa bure, ilikuwa inakufa.

Nikampasha habari Mzungu. Alisimama juu ya chupa, mikono kiunoni.

"Mrututu wangu unakwenda wapi?"

"Bwana, sijui."

"Chupa hazinywi mrututu zikiwa zimelala. Mtu anauchukua." Akatutazama mmoja mmoja, mimi kisha Mrangi. "Nikimpata, atakwenda bomani, atapigwa kiboko."

Akachukua sanduku la mrututu, akaliweka nyumbani kwake na kulifunga kwa kufuli.

Tangu siku ile nikaanza kumwangalia kaka yangu kwa jicho jingine. Mrututu una wanunuzi: watu huutia kwenye vidonda sugu, na wafugaji huoshea kwato za mbuzi. Asubuhi moja, alipokuwa akipiga simu, niliona kucha zake. Zilikuwa na rangi ya buluu hadi kwenye ngozi. Adhuhuri nilisema sina njaa.

Naye alikuwa ananichunguza. Nikiingia peke yangu nyuma, alisita kupiga simu, akasikiliza. Siku moja akaniuliza, kana kwamba ni mazungumzo tu:

"Mdogo wangu, mbuzi wa mama yako walikuwa wanachechemea. Siku hizi naona wanakimbia."

"Wamepona."

"Kwa dawa gani?"

"Majivu na mkojo wa ng'ombe, kama kawaida ya kwetu. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Baada ya hapo kila mtu akala kwake. Nilianza kufunika chupa kwa namna yangu, nikiacha kona ya turubai imekunjwa, ili nijue kama imeguswa. Haikuguswa hata mara moja, na maji yaliendelea kuwa meupe. Hilo halikuniondolea shaka. Liliniongezea. Nikafikiri, huyu ni mwizi mwenye akili kuliko nilivyodhani.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, kwa hasira, kama inavyokuja Ugogo baada ya kukawia. Paa letu lilikuwa la udongo, kama la tembe, nyumba za kwetu Wagogo. Lililowa, likalegea, na kipande kikubwa kikaangukia safu ya mbele. Chupa nyingi zikapasuka. Chombo cha simu kikanyamaza.

Tukiwa bado tunatazama, aliingia mnyapara wa reli, tope hadi mapajani.

"Maji ya korongo yamekata tuta! Reli inaning'inia! Na gari la moshi linatoka mashariki!"

Mzungu alikuwa bomani. Mrangi akahamishia nyaya kwenye safu ya akiba, akagonga. Hakuna kitu. Kisanduku cha kupimia umeme kilikuwa na sindano. Ilitikisika kidogo kisha ikalala.

Akanigeukia. "Umetuua, wewe na mbuzi wako."

"Mimi? Nionyeshe kucha zako!"

Akazitazama, akashangaa kwa dhati. "Hizi? Nauza kaniki jioni. Kaniki mpya inachuja buluu yake mkononi. Uliza mtu yeyote sokoni."

Maji yalikuwa yanateremka ukutani, nikaanza kusogeza chupa za nyuma zisije nazo zikavunjika. Ya mwisho ilikataa kuja. Ilikuwa imeshikwa. Nikainama: waya mbili nyembamba zilitoka kwa nyuma ya chupa za pembeni, zikashuka chini na kuingia katika tundu la ukuta, upande wa nyumba ya Mzungu. Nguo iliyozifunika ilikuwa imeliwa na mchwa, na shaba mbili zilikuwa zimelaliana kwenye udongo. Umeme wa akiba ulikuwa unamwagika hapo usiku na mchana.

"Kaka, njoo uone."

Akapiga magoti. "Kengele," akasema polepole. "Kengele ya kumwitia mpishi. Bwana anabonyeza mezani, inalia jikoni."

Akazikata kwa kisu. Tukachagua chupa zilizosalimika za mbele na zile za akiba zenye nafuu, tukaziunga safu moja. Sindano ikainuka. Akagonga: zuieni gari, tuta limekatika. Tukangoja bila kutazamana. Chombo kikajibu kwamba gari limezuiwa. Mnyapara akakaa chini kwenye tope, akacheka peke yake.

Mzungu aliporudi alikuta vipande vya waya mezani. Alivisokota mkononi.

"Mchwa," akasema.

Kesho yake sanduku la mrututu lilirudi mahali pake. Hakutaja mwizi tena, wala kusema kwamba hapakuwa na mwizi.

Tulirudi kula pamoja. Adhuhuri moja Mrangi alisema, "Nisamehe kwa ile ya mbuzi." Nikamwambia, "Nisamehe kwa ile ya kucha." Tukala. Tulikuwa tumesameheana kweli, lakini nikipita nyuma yake bado mkono wake ulisita kwenye chombo.

Mvua zilipokwisha aliomba kurudi Kondoa. Siku ya kuaga aliniletea kibuyu cha asali ya kwao. Nilishukuru, nikamsindikiza hadi njia ya Haneti, iendayo Kondoa. Nyumbani nilifungua kibuyu, nikakiinamisha kwenye mwanga na kuangalia rangi ya asali kwanza, kabla sijatia kidole.