Nilivua Shanga Nipumzike, Nikarudi Nikakuta Matanga ya Mume Wangu

Ejok, yaani hujambo, admin. Naomba ufiche jina langu kabisa, maana hapa Lodwar tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina watoto wanne walio hai. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo mwandiko ukipinda msinicheke, nina mawazo mengi.

Mume wangu ni askari wa stoo huko Kakuma, huja mwisho wa mwezi. Mimi naishi na mama yake. Sitaki kumsema vibaya, ndiye alinipokea nikiwa msichana, na ndiye alinivalisha shanga za shingoni nilipoolewa. Kwetu Waturkana mwanamke aliyeolewa havui shanga ovyo. Anavua akiwa mgonjwa sana, ama akifiwa. Ukionekana shingo tupu, watu wanajua mume hayuko.

Mwaka jana nilizika mtoto wangu wa mwisho, msichana, alikuwa ameanza tu kukaa. Homa ilimchukua. Nilitaka kuvua shanga, mama mkwe akanishika mkono. "Hiyo ni ya watu wazima. Huyu alikuwa bado. Vumilia, utazaa mwingine." Kesho yake nikaenda kuteka maji. Tangu hapo jina lake halijatajwa kwa ile nyumba. Mama mkwe pia alizika watoto wake wachanga na hakuna aliyempa siku ya kulia, kwa hivyo simlaumu sana.

Lakini mwili wangu ulikataa. Kifua kinabana, usingizi hakuna, nasahau sufuria motoni, nafokea watoto halafu naenda nyuma ya nyumba kulia. Nikaenda zahanati. Nesi akanipima, akasema, "Huu si ugonjwa wa dawa. Mama, ni lini umekaa peke yako bila mtu kukuita?" Nilicheka. Nikamwambia hata chooni wananifuata. Akasema nitafute siku moja tu, yangu.

Nina rafiki anafua mashuka kwenye gesti moja upande wa Nawoitorong. Nilipomwambia, akasema, "Kuja Alhamisi, chumba kimoja hakina mgeni na mwenyewe amekubali. Utalala kama bibi ya mbunge!" Nyumbani nikaaga naenda kwake mpaka jioni.

Jamani, nilioga bila mtu kugonga mlango. Nikapaka miguu mafuta polepole. Nikalala kwa shuka jeupe, feni inazunguka. Nilipoamka mikono yangu ikaanza kuvua shanga yenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka shingo ikawa nyepesi kama ya mtu mwingine. Nikasema jina la mtoto wangu kwa sauti. Nikamlilia. Halafu nikatoka kukaa kivulini karibu na mlango, macho mekundu lakini moyo umetulia, nasikia njaa. Njaa ya kweli, ile nilikuwa nimesahau.

Hapo akapita mama mmoja wa kanisa letu, analeta maziwa jikoni. Akaniona shingo.

"Uuuwi! Ni baba watoto? Ni huko Kakuma?"

Ningesema neno moja tu, hapana, yangeisha. Lakini alinikumbatia, na mimi nikikumbatiwa siwezi, nikalia upya. Akachukua kile kilio kuwa jibu. Akaacha maziwa pale akakimbia. Nilidhani ameenda kuniletea maji ya kunywa!

Nilipofika nyumbani, shanga nimezisahau mfukoni, uani wamejaa wamama. Mama mkwe yuko chini, mchanga kichwani, anamwita mwanawe ambaye simu yake haishiki. Nikapiga kelele, "Yuko hai! Hakuna aliyekufa!"

"Amechanganyikiwa, maskini," mmoja akasema. "Mshikeni." Wakanishika kweli.

Ndipo simu ya mama mkwe ikalia. Sauti ya mume wangu: "Mama, kwani kuna nini? Nilikuwa nimezima simu, nakula."

Wamama walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akamwuliza, "Na wewe marehemu, umeshiba?"

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anaangalia shingo yangu. "Kama mtoto wangu anakula, wewe umevulia nani shanga?"

Wote walikuwa wanangoja, na jina lilikuwa hapa mdomoni, nikalimeza.

Sasa mama mkwe anasema nilikuwa najaribu ujane nione kama utanitosha. Mume wangu ananiambia kwa simu, "Hata homa sijapata, umeshaanza matanga?" Jumamosi anakuja na wajomba zake. Mbuzi wa kuchinjwa ameshachaguliwa. Wanataka nisimame mbele ya wazee niseme nilimtakia kifo na nimerudisha maneno, ndipo mama mkwe anivalishe tena. Nikikataa, nirudi kwetu Lokichoggio, na watoto wabaki, kwa sababu mahari ililipwa yote.

Kujivalisha mwenyewe siwezi, watasema naficha. Shanga ziko ndani ya kopo chini ya kitanda, na mimi kwenda bombani ni taabu. "Pole, mjane wa mume aliye hai!" wananiita. Usingizi ule wa gesti umeisha wote.

Nikisema ukweli, nitakuwa nimemwaibisha mama mkwe mbele ya wazee, na ana presha. Mume wangu naye hakumwona yule mtoto akizikwa, alikuwa kazini, na hajawahi kumtaja. Naogopa nitasema jina na wote waangalie chini, kama vile hakuwahi kuzaliwa. Hapo sijui nitavumilia vipi.

Lodwar yote imeniuliza nani amekufa. Hakuna hata mmoja aliyebahatisha.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi wamama, Jumamosi iko karibu na mimi sina wa kuuliza. Niseme nilimtakia mume wangu kifo, nibaki na watoto wangu wanne? Ama nimtaje wa tano?