Albamu ya kutisha imetuletea foleni ya kusaga

Leo albamu ya kutisha kuliko zote duniani imetuletea wateja.

Festo, mwalimu ninayeishi naye hapa Chikongola, amepakua albamu ya metali, ule muziki wa giza na mauti. Wiki nzima ananitambia kwamba haiwafai wenye roho nyepesi.

Asubuhi kafungulia spika mpaka madirisha yanatetemeka. Magitaa yananguruma, ngoma zinakimbizana, jamaa anakoroma kama anatokea kaburini. Festo kafumba macho, anatikisa kichwa.

Hodi.

Jirani yetu Mama Zuhura, ndoo ya makopa ya muhogo kichwani. Nyuma yake kina mama wawili, nao na ndoo zao.

Bwana wa giza akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe mmefungua mashine ya kusaga?"

(Ile ya mtaani imekufa tangu juzi.)

"Mama, huu ni muziki."

Mama Zuhura akatega sikio. Akasikiliza kwa makini, kuliko mimi wiki nzima.

"Mwalimu, mkanda umelegea. Ukiuacha hivyo utaunguza mota."

Festo kazima spika. Kina mama wamekaa barazani, hawaondoki.

Mwenye namba ya fundi mashine aniwekee hapa. Albamu imeharibika.