Ngumi ya Kipenga

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Kipenga alikuwa amevua mpaka soksi. Hata hajamaliza kuzoea kuitwa mwalimu, chuo ametoka juzi tu, akajitolea mwenyewe kutoa mada kwenye kongamano la walimu wa muziki. Wenye kongamano, sijui ni huruma au uhaba wa watu, wakamkubalia. Wakampa nafasi ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, saa ambayo hata malaika akishuka na kinubi chake, watu watamwuliza kama huko alikopita ameona sahani.

Jina la Kipenga alipewa na mama yake, fundi cherehani, maana mtoto huyu alijua kupiga mluzi kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Jina likamfuata mpaka shule anayofundisha. Watoto wanamwita Mwalimu Kipenga, naye anaitika bila kinyongo.

Mada yenyewe ilikuwa hivi. Watoto wanaimba. Kipenga akifumba ngumi, wananyamaza wote, lakini wimbo unaendelea kichwani. Akifumbua, sauti zinatoka pamoja, pale pale wimbo ulipofika. Mwenye kuujua wimbo anaujua hata akiwa kimya; asiyeujua anaumbuka mchana kweupe.

Aliyekuwa haupendi mchezo huo hata kidogo ni mwalimu mkuu, mzee wa hesabu, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Siku moja alipita nje ya darasa wakati wa kipindi cha muziki, akasikia kimya. Akafungua mlango akidhani mwalimu hayupo.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanaimba, Mkuu."

Mkuu akaitazama midomo iliyofumbwa darasa zima. "Na mimi hapa ninaruka," akasema.

Alichukia kweli, kuliko kosa lenyewe lilivyostahili, na Kipenga hakuelewa kwa nini. Kesho yake akaitwa ofisini. Kipindi cha muziki cha Ijumaa, kipindi pekee alichokuwa nacho, kilikuwa kinatakiwa na hesabu. "Nenda kwenye kongamano lenu," Mkuu akamwambia. "Nitakuja nikae nyuma. Wenzako wakiona lina maana hilo la kuimba mdomo umefumbwa, kipindi ni chako. Wasipoona, Ijumaa tunasoma desimali."

Basi Kipenga akafanya mazoezi nyumbani, mbele ya mama yake na cherehani. Alipomaliza akauliza, "Mama, ulikuwa unasikiliza kweli?"

"Mwanangu, nimeshona pindo zima nikikusikiliza. Kwenye maelezo mguu ulikwenda mbio. Ulipofika kwa mbuzi nikasimamisha cherehani. Wape mbuzi."

Mbuzi ni wimbo aliowatungia watoto mwenyewe:

*Mbuzi wetu kala sabuni,*
*akilia hutoa povu.*
*Tukimwita aje nyumbani,*
*apuliza mapovu tupu.*

Siku ikafika. Ukumbi umejaa walimu wa muziki, vitambulisho shingoni, harufu ya jikoni inapenya chini ya mlango. Mkuu yuko safu ya nyuma, amekunja mikono. Kipenga akayatupa maelezo, akawapa mbuzi. Wakajifunza wimbo upesi, wakaugawa mpaka sauti nne bila kuombwa. Akawaeleza: mstari wa kwanza kwa sauti, ya katikati kichwani, wa mwisho nitafumbua ngumi.

Akafumba ngumi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu wa muziki, ndugu yangu, hawezi kukaa na wimbo kichwani mkono ukatulia. Kila mmoja akainua mkono wake akaanza kuongoza. Huyu anapiga mapigo ya polepole kama yuko msibani, yule anakimbiza kama kaacha chungu jikoni, na bibi mmoja mnene wa safu ya mbele akawa anamwongoza jirani yake kwa kalamu. Kipenga mwenyewe hatazamwi na mtu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Alipofumbua ngumi, wengine walikuwa bado wanamwita mbuzi, wengine mbuzi kashamaliza povu zamani, anapumzika.

Ukumbi ukacheka. Kipenga alitamani ardhi ipasuke immeze na kipaza sauti chake. Nyuma kule Mkuu hakucheka. Alikuwa anaitazama ile ngumi. Kipenga akaziona desimali za Ijumaa zikija, na hofu ikamsahaulisha alipo. Akasema kama anavyosema na watoto wake:

"Kalieni mikono."

Wakatazamana. Halafu, mmoja mmoja, watu wenye mvi na shahada zao wakaingiza viganja chini ya mapaja wakavikalia. Mstari wa kwanza ukaimbwa. Ngumi ikafumbwa. Kimya. Bila mikono yao wakawa wamepotea njia kabisa, kila mmoja anamsikilizia jirani aanze. Ngumi ikafumbuka.

Sauti moja tu ikatoka, nzito, inakwaruza kama bawaba ya geti, chini ya noti zote zinazojulikana. Lakini ilitoka pale pale, silabi haikuchelewa: *apuliza mapovu tupu.* Ilikuwa sauti ya Mkuu. Alipotambua yuko peke yake alikuwa keshafika kwenye mapovu, akaona heri amalize.

Bibi mnene akageuka. "Huyo ndiye alikuwa anaimba," akasema. "Sisi tulikuwa tunaongoza."

Walirudia tena, macho yote kwa Kipenga, na safari hii mbuzi akatoka mzima, ukumbi mzima kwa pamoja. Wakapiga makofi mpaka mpishi akachungulia.

Kwenye foleni ya chakula Mkuu akasimama nyuma yake na sahani tupu. Kipenga akamwamkia, akauliza kwa sauti ndogo kuhusu Ijumaa.

"Nilipokuwa darasa la tatu," Mkuu akasema, kana kwamba hakusikia swali, "mwalimu wa kwaya aliniambia nisitoe sauti, ninawaharibia wenzangu. Nichezeshe midomo tu. Nikachezesha. Shuleni, harusini, mpaka kwenye harusi yangu mwenyewe. Nyimbo zote ninazo, mwalimu, ziko humu." Akajigusa kifua kwa ukingo wa sahani. "Ile siku nilipowaona watoto wako wamefumba midomo, nilijua ndiyo yale yale. Sikujua kwamba huwa unafumbua."

Kipenga akaipokea ile sahani. Akampakulia chakula tu, akampakulia kingi.

Ijumaa, kengele ya muziki ilipolia, Mkuu aliingia darasani na kiti chake mwenyewe, akakaa nyuma ya watoto, akakalia mikono.