Insha Kuhusu Kitanda

Tulitoka Mai Mahiu alfajiri juu ya lori tupu lililokuwa likirudi Molo kuchukua viazi. Liliharibika mara mbili kabla ya Nakuru, na jioni tukashushwa Elburgon, penye harufu kali ya vumbi la mbao mbichi. Baba alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha mbao, na kazi ilikuja na chumba ndani ya ua wa kiwanda. Tulilala sakafuni, na baridi ya kule hupanda kutoka chini hadi kwenye meno. Ndipo baba akaanza kuficha mabaki ya mbao ndani ya koti, kipande kimoja kila jioni, kosa la kufukuzwa kazi, hadi tukapata kitanda.

Kila Jumatatu mwalimu alituandikisha insha kuhusu mambo ya nyumbani. Nikaandika yote: kitanda, mbao, koti. Nilipata alama za juu kuliko wote, na karatasi ikabandikwa ukutani. Meneja wa kiwanda ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa shule. Alhamisi aliingia darasani, mikono nyuma, akausoma ukuta mzima bila haraka.

"Hii ni ya nani?"

Nilisimama.

"Unaandika vizuri sana," akasema.

Nilingoja baba afukuzwe. Kesho yake, getini, meneja alicheka tu mbele ya wafanyakazi wote. "Mzee wa kitanda! Ulilala poa?"

"Poa, bosi," baba akajibu kwa sauti nyembamba nisiyoijua. Wenzake walicheka, wakidhani ni mzaha.

Tangu hapo meneja alimwita baba ofisini kila Ijumaa kusema nani anaficha nini, nani analalamika. Alisema. Jirani yetu mmoja akafukuzwa, kisha mwingine, na watu wakawa wananyamaza baba akipita.

Siku hizi nahama mji baada ya mji, na kila geti lina kitabu cha wageni. "Jaza hapo, bosi," mlinzi husema: jina, utokako, uendako. Nina zaidi ya miaka arobaini na bado humrudishia kalamu, nikamwomba anijazie yeye.

Nilikuwa bado mtoto tulipoondoka Elburgon kabisa, asubuhi yenye ukungu, kitanda tukakiacha. Tukingoja lori barabarani, baba aliinama karibu nami.

"Hii safari hujaiandika mahali?"

"Hapana, baba."

Aliniuliza kwa sauti ileile nyembamba aliyomjibia meneja.