Nyuki Waliokufa Uani kwa Bibi

Nyumba ya bibi yangu, mama mzaa baba, kule Kikwe ilinuka nta. Harufu hiyo ilikaa kwenye mashuka, kwenye kabati la vyombo, hata kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Bibi alikuwa na mizinga mitano ya magogo aliyoachiwa na babu, imening'inizwa kwenye miti ya kivuli juu ya kahawa na migomba. Jua likipanda, mvumo wa nyuki ulisikika mpaka jikoni, na kwa kuwa ulikuwepo kila siku hakuna aliyeutaja. Tuliishi hapo baba, mama na mimi, niliyekuwa darasa la nne.

Masika ya mwaka huo maharage yalishika vizuri, kisha wakaja wadudu mafuta, wale weusi wanaojazana kwenye shina changa. Baba alinunua dawa mjini, akaazima bomba la kubeba mgongoni. Jumamosi moja asubuhi nilichota maji mferejini, ndoo baada ya ndoo, naye akachanganya kwa kijiti na kuanza kupulizia. Maua yalikuwa yamefunguka shamba zima. Nakumbuka nilifurahi kwa sababu baba alinisifu kwamba sikumwaga hata tone.

Kesho yake tuliporudi kutoka kanisani nilikuta nyuki kumi hivi kwenye ngazi ya mlango. Wengine walikuwa hai bado, wamelala chali wakizunguka palepale, ulimi umetoka nje. Jumatatu nilipofagia uwanja kabla ya kwenda shule walijaa kwenye kizoleo. Walikuwa ndani ya beseni la vyombo, kwenye mkeka wa kuanikia kahawa, chini ya kila mzinga. Bibi alifungia kuku wasije wakawala. Aliokota nyuki mmoja, akamweka kiganjani, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamfuta kwenye kitenge chake na kwenda moja kwa moja kwenye uzio wa jirani.

Jirani yetu alikuwa Mzee Anaeli, mkulima wa nyanya na mzee wa kanisa katika usharika wetu. Mwaka uliotangulia ndama wake aliumwa na nyuki wa bibi akafa, naye alisema maneno makali.

"Shikamoo, mama," alisema alipomwona.

Bibi hakuitikia. "Umewapa nini nyuki wangu?"

"Mimi? Mama, nyanya zangu bado ziko kitaluni. Sijashika bomba mwezi huu."

"Ndama wako ameshalipwa sasa," bibi akasema, akageuka.

Baba alisikia yote. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akainywa mpaka ikaisha. Jioni ile mferejini nilimuuliza kama dawa yetu inaua nyuki.

"Inaua wadudu mafuta," alisema.

"Nyuki si mdudu?"

"Beba ndoo, Naomi."

Sikuuliza tena. Wiki zilizofuata bibi aliacha kununua maziwa kwa Anaeli, na kanisani akahama benchi. Mizinga mitatu ilinyamaza kabisa. Halafu akapeleka malalamiko kwa mchungaji, na maneno yakaanza kuzunguka kijijini kwamba Anaeli avuliwe uzee wa kanisa, maana mtu anayemwekea sumu mjane hawezi kupitisha sadaka. Mkewe aliacha kuja mferejini wakati wanawake wengine walipokuwapo.

Wazee watatu wa usharika walikuja kwetu Jumamosi mchana. Waliketi uani, Anaeli akiwa upande mmoja ameshika kofia yake, bibi upande wa pili, baba katikati. Mimi nilitumwa kuleta chai. Bibi alieleza habari zake bila kupaza sauti, akamaliza kwa kuuliza, "Kama si yeye, ni nani?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nilisema, "Sisi tulipiga dawa maharage."

Hakuna aliyenigombeza kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Mzee mmoja aliomba kuiona hiyo dawa. Baba aliinuka, akaingia stoo, akarudi na chupa. Mzee hakuwa na miwani, akanipa mimi nisome. Maandishi yalikuwa madogo sana. Nilisoma kwamba dawa ni hatari kwa nyuki, isipuliziwe mimea ikiwa na maua.

Bibi hakumwangalia Anaeli. Alimwangalia baba.

"Ilikuwa asubuhi?"

"Asubuhi, mama."

"Ulijua siku ile ile niliyokwenda uzioni?"

"Nilijua jioni yake," baba alisema, "mtoto aliponiuliza."

Baba alimwomba Anaeli msamaha mbele ya wote, na Jumapili akarudia mbele ya usharika, akisoma kwenye karatasi. Bibi alinituma kwa Anaeli na mkungu wa ndizi. Aliupokea, akaniuliza bibi anaendeleaje. Lakini hakurudi kuwa mcheshi kwetu, na bibi hadi anafariki alizungumza na baba kwa maneno machache kuliko zamani. Kwangu mimi baba hakubadilika, ila hakuwahi tena kunituma kuchota maji ya dawa.

Sasa naishi mjini, Levolosi, na asali nanunua dukani. Kikwe maduka ya dawa ni mengi, na kila nyumba ina bomba lake. Msimu uliopita baba alinipigia simu. Alisema amekuta nyuki wengi wamekufa barazani, na hawezi kujua wametoka mzinga wa nani.

"Nani amepiga dawa?" nikamuuliza.

"Sote," alisema. "Wiki hii tumepiga sote."

Nilisubiri aseme kitu kingine. Aliniuliza kama watoto hawajambo, nikamwambia hawajambo.