Kila Kiroba na Fundo Lake

Walisema sitaingia chuo kikuu, nikaingia. Wakasema nikiingia sitamaliza, na hapo walikuwa na sababu zao. Umri wangu ulikuwa wa kusomesha watoto, si wa kukaa nao dawati moja. Nilitokea kwenye mashimo ya Geita, mgongo umeshazoea kubeba mawe. Shahada yangu ya kwanza niliipata Dar es Salaam kwa madarasa ya jioni, mchana nikitembeza sabuni. Niliporudi mtaani kwetu Kambarage nikatangaza kwamba naenda kusoma stashahada ya uzamili, jirani mmoja aliniuliza kama ile ya kwanza imechakaa. Watu walicheka. Nilicheka nao, kisha nikaenda kujiandikisha.

Siku ya mahafali, mkuu wa shule ya masomo ya uzamili alisimama kusoma mafanikio ya mwaka wa masomo. Alitaja maabara mpya, makala zilizochapishwa, vichanja vya kuanikia dagaa vilivyojaribiwa Nkome, utafiti wa malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Mwishoni akataja utafiti wa kuchenjua dhahabu bila zebaki katika machimbo madogo ya Geita, akageuza ukurasa. Utafiti huo ni wangu. Mwaka mzima wa jasho ulipita kwa pumzi moja, na bado nilikaa pale na joho langu nikijiona mrefu kuliko wakubwa wote waliokaa mbele. Taarifa yake ilikuwa fupi. Yangu ni hii.

Nilihitaji mawe yenye dhahabu, na mawe hayo hayaokotwi njiani. Kila jiwe linalotoka kwenye duara, maana yake shimo la kuchimbia, lina mwenyewe. Nilirudi kwenye machimbo niliyofanya kazi ujanani nikaomba nikopeshwe viroba vya mawe. Niliahidi kuyasaga, kuikamata dhahabu kwa maji na meza ya kutikisa, kuiyeyusha kwa unga wa boraksi bila mtu kuvuta moshi wa zebaki, na kumrudishia kila mmoja dhahabu ya mawe yake.

Wa kwanza kukubali alikuwa mama mmoja anayepika wali machimboni na kununua mawe kwa faida anayoipata. Wanaume kadhaa wakafuata, nadhani kwa kuona aibu kuachwa na mpishi. Wa mwisho alikuwa mzee mwenye duara refu kuliko yote, bosi wangu wa zamani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama viatu vyangu.

"Ng'wanawane," alisema, kama mtu anavyomwita mwanawe kwa Kisukuma, "juzi juzi ulikuwa unabeba mawe yangu begani. Leo unataka kuyabeba kwenye karatasi. Haya, beba. Ila usije hapa ukasema umelipa. Atakayesema ni mimi."

Hakunionea. Ndiyo desturi ya pale. Deni la mawe haliishi mpaka mwenye mawe atamke mbele ya wenzake kwamba amelipwa. Asipotamka, wewe ni mwizi, na habari hiyo hufika machimbo ya pili kabla hujamaliza kufunga mzigo wako.

Desturi nyingine ni fundo. Hakuna anayeandika jina kwenye kiroba. Kila mtu hukifunga kwa kitambaa chake na fundo lake. Mama yule alifunga kwa kipande cha khanga ya njano, mzee alifunga kwa kamba ya buti lililochakaa. Gari liliposhusha mzigo chuoni, wenzangu waliokuja na sampuli kwenye vikopo visafi waliniuliza kama nimehamia na shamba.

Msimamizi wangu, profesa mwenye sifa zake, aliagiza nichanganye viroba vyote. Alinieleza kwamba ndivyo kila mtu afanyavyo: unapata sampuli moja, unaijaribu, unaandika matokeo. Nilikataa. Nilimwambia kwamba nikishachanganya, hakuna atakayejua tena dhahabu ya nani ni ipi, na yale mawe sikuyanunua.

"Basi mwaka huu humalizi," alisema.

"Nitamaliza, Profesa, na sichanganyi."

Nikasaga mawe ya mtu mmoja mmoja. Kabla ya kuanza ya mwingine nilifungua mashine na kuiosha yote, hadi fundi wa maabara akasema nimeanza kuogesha chuma kama kichanga. Wenzangu walipokuwa wanaandika sura ya mwisho, mimi nilikuwa bado na mikono yenye vumbi. Jioni niliandika, mapema asubuhi nikawa nimeshafika mlangoni nasubiri ufunguo. Wenye mabega laini wasingeweza. Mimi niliweza, na kazi nikaiwasilisha siku ileile waliyowasilisha wao.

Matokeo yakamshangaza kila mtu chuoni. Mawe ya mama yalitoa dhahabu vizuri kabisa. Ya wale wengine yalitoa ya kuridhisha. Ya mzee yalikataa. Dhahabu yake imejificha ndani ya madini yenye salfa, na njia yangu haiwezi kuitoa. Ningechanganya, tungepata jibu moja la katikati, tukawadanganya wachimbaji wote kwamba njia hii inamfaa kila mtu. Profesa alisoma ukurasa huo mara mbili, na yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka jina la utafiti kwenye mafanikio ya mwaka.

Ila machimboni hakuna anayelipwa kwa mafanikio ya mwaka. Dhahabu ilikaa kwenye kabati la chuo mpaka kazi yangu ikapitishwa, na muda wote huo huko Geita walikuwa wanasema nimeshajenga nayo. Mwanafunzi mwenzangu alinishauri nimmegee mzee kidogo kutoka kwa mama, maana mama asingejua. Nilimwambia hicho ndicho nilichokataa kufanya na mashine, nisije nikakifanya kwa mkono.

Wiki ya mahafali haijaisha nilikuwa Geita, mbele ya jiko la yule mama, wakopeshaji wote wamekaa. Nilitoa dhahabu ya kila mmoja ikiwa imefungwa kwa kitambaa chake. Mama alifungua khanga yake, akaipima dhahabu kwenye mzani wa mnunuzi, akatamka kwamba amelipwa. Wanaume wakatamka mmoja baada ya mwingine. Nikamkabidhi mzee viroba vya mchanga wa mawe yake yaliyosagwa na kijipunje cha dhahabu, vyote vimefungwa kwa kamba ya buti.

Alikiweka kile kijipunje kiganjani.

"Hii tu?"

"Hii tu, baba. Iliyobaki imo humu ndani ya mchanga wako. Njia yangu imeshindwa kuitoa, na nimeandika hivyo chuoni."

"Ungeweza kunichotea kwa huyu mama."

"Ningeweza."

Aliinama akalishika fundo la kiroba kimoja, akaligeuza, akaona nimelifunga kama afungavyo yeye, kwa kamba yake. Mama aliacha kukoroga mchuzi. Mzee akainuka, akakung'uta suruali, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye karasha la kusagia mawe:

"Nimelipwa."