Maziwa ya Kukatwa

Mimi sishangazwi na kitu. Mtu aliyenunua pamba Bariadi miaka ile soko lilipofunguliwa, ushirika ukiwa hoi na kila mwenye mizani akijiita kampuni, huyo ameona yote. Nimeona pamba iliyonyunyiziwa maji ikalala nje ipate uzito. Nimeona iliyochanganywa na mchanga. Nimetoa jiwe la kusagia katikati ya gunia, nikamkabidhi mwenyewe nikamwambia, "Chukua, mkeo atalitafuta." Shule niliishia darasa la nne, lakini kunipunja mimi ilikuwa kazi. Nilianza na baiskeli nikafika pikipiki, na nyumba yangu ilikuwa ya pili kuezekwa bati upande wetu wote. Ya kwanza ilikuwa ya kanisa.

Kwa hiyo nilipokwenda Mwanza kumwona tajiri mwenye kinu cha kuchambulia pamba, sikwenda kinyonge. Wakala kama mimi bila fedha ya tajiri ni mtu mwenye mizani tu. Yeye ndiye anatoa fedha za kununulia, wewe unakusanya pamba kwa wakulima, na kila kilo inakuachia chako. Msimu ule mawakala tulikuwa wengi kuliko fedha zenyewe. Akaniambia Jumamosi atapita Bariadi, aone nyumba kwa nyumba nani anafaa. Nami akiba yangu yote ilikuwa imeshapanda juu ya paa. Akininyima, pikipiki inauzwa, narudi kwenye baiskeli, na wale waliokuwa wakinicheka zamani wanaanza upya.

Tukanywa chai. Mzee akaanza kumkumbuka marehemu mama yake, alivyokuwa akiwapikia vitonge vya jibini, vyeupe, vitamu, vinaelea kwenye shira ya sukari. "Tangu afariki sijavipata vya nyumbani," akasema. "Vya dukani ni sifongo."

Nikamwambia, "Tajiri, kwangu vinapikwa kila wiki. Mke wangu ndiyo kazi yake."

Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu anapepeta mchele.

"Vitonge vya nini?" akauliza.

"Vya jibini."

"Jibini ndiyo nini?"

"Maziwa yaliyoshikana yakawa magumu."

"Si mgando huo? Mpe na ugali aende zake."

Ikabidi niende kwa mke wa mwenye duka la nguo, ambaye kwao na kwa tajiri asili ni moja. Akanieleza huku anapima kitambaa cha mteja mwingine. Chemsha maziwa, yakipanda kamulia ndimu, yatakatika. Chuja kwa kitambaa, ning'iniza maji yatoke, kanda kama unga, viringisha, chemsha ndani ya shira. "Lakini maziwa yawe halisi, bwana. Ya maji hayakupi kitu."

Halisi! Kana kwamba napungukiwa. Nyuma ya nyumba yangu palikuwa na ng'ombe anayekamwa, tena wa mama yangu mzazi. Nilimnunulia mimi mwenyewe ili mama ahamie kwangu, anywe maziwa uzeeni. Kibuyu cha maziwa yale hakikuguswa na mtu bila yeye kusema.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Unataka nini?" Mama anaijua salamu ya mwenye shida.

"Maziwa. Ya leo yote."

"Ya kunywa?"

"Ya kukata. Tunayachemsha, tunatia ndimu, yanakatika."

Akaacha kufagia. "Rudia hilo neno."

"Yanakatika, mayu."

"Yaani unayakata wewe. Kwa makusudi. Na ng'ombe yuko pale anakusikia."

"Ng'ombe hajui Kiswahili."

"Kiwele hakihitaji lugha," akasema. "Maziwa yakiganda yenyewe ni baraka. Ukiyakata kwenye moto, umekata kiwele, ng'ombe anakauka. Nenda."

Mama amebatizwa kama mimi, na Jumapili hakosi. Ila mambo ya ng'ombe hamuulizi padri.

Nikaenda sokoni. Mama mmoja mwenye dumu akaapa kwa watoto wake wote kwamba maziwa yamekamwa alfajiri. Nikanunua, mke wangu akachemsha, akakamua ndimu. Hakuna kitu. Akakamua nyingine. Tukapata maji ya rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na vichembe vyeupe vya kujaza kijiko cha chai.

"Nimepunjwa," nikasema. "Mimi!"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mnunuzi wa pamba! Si ungeweka kwenye mizani?"

Kesho yake nikawa mjanja. Nikaenda kwa muuzaji mwingine, nikadondosha maziwa juu ya ukucha nione kama yanatiririka. Yakatulia, mazito mazuri. Nikanunua dumu zima. Yalipochemka yakazidi kuwa mazito, yakaanza kutoa mapovu makubwa, pwa, pwa. Yalikuwa na unga.

"Baba watoto," mke wangu akaita, "uji umeiva. Nikutilie sukari?"

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Sukari ipo, iliki ipo, ndimu zimejaa ungo, na maziwa hakuna. Nikarudi kwa mama nimejishusha.

Alikuwa ameshalifikiria. "Anayetaka kuharibu kiwele na awe mwenye kiwele," akasema. "Nunua kwangu huyu ng'ombe, ukate utakavyo. Mimi simo."

"Mayu, huyu nimemnunua mimi!"

"Ulimnunua ukanipa. Au uliniazima?"

Hilo la kuazima alilisema kwa sauti ya kufika kwa jirani.

"Bei gani?"

"Themanini na tano."

"Elfu themanini na tano? Mnadani anapatikana kwa sabini!"

"Basi wahi mnadani. Ukirudi, tajiri wako atakuwa ameshakula kwa mwenzako."

Nilikopa nikalipa. Akafunga noti kwenye pindo la kanga, akafungua kamba ya ng'ombe, akanishikisha mkononi kama mtu anayenikabidhi mgonjwa.

Maziwa yale yalikatika mara moja, mawingu huku, maji ya kijani huku. Mke wangu akakanda, akaviringisha. Vingine vilipasuka kwenye shira lakini bakuli lilijaa.

Tajiri akaja Jumamosi. Akala kitonge kimoja, akafumba macho. "Vya mama vilikuwa laini zaidi," akasema. Nikaiona baiskeli. Akachukua cha pili. "Na vidogo zaidi." Akachukua cha tatu, akakilaumu pia, na hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine, mpaka bakuli likabaki na shira, nayo akainywa. Kisha akamgeukia mke wangu.

"Mama, ni kweli unavipika kila wiki?"

Mke wangu akanitazama kwanza. "Kila wiki, tajiri. Muulize mume wangu."

"Basi fedha za kununulia pamba mumeo atazipokea hapa hapa. Na hesabu nitazifuata mwenyewe, kila Jumamosi."

Kila Jumamosi! Msimu mzima nyumba yangu ilinuka ndimu. Mama akaongeza kidogo juu ya fedha yangu, akanunua mitamba wawili kutoka Shishiyu, akasema ng'ombe wangu asiwasogelee, wasijifunze mabaya. Nikajenga zizi la pili. Na kwa kuwa mitamba hawakamwi, kila jioni alikuja na kikombe chake kwangu. "Nipe ya kunywa," anasema. "Ya kunywa hayana neno."

Nilimpa. Ningefanyaje? Msimu ulipokwisha nikapiga hesabu ya vitonge. Ng'ombe, miti na fundi wa zizi, sukari na iliki za msimu, ndimu, maziwa ya maji na maziwa ya unga: shilingi laki moja, elfu ishirini na tatu na mia nne.